KISU CHA MPINI WA MTI KAMA ZANA YA KUFUNDISHIA
Kukusanya, Kuchunguza na Kutengeneza Upya

Mara nyingi wakurufunzi wetu warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha hulalamika kwamba shule walizopangiwa hazikuwa na zana. Hatuwezi kukana kuwa uhaba huo upo. Lakini tukiwauliza ni vitu gani vilivyokuwamo katika nyumba za wanafunzi wao, wengi hunyamaza. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kitu kimoja kidogo, yaani kisu cha zamani chenye mpini wa mti, na hasa kile cha kukunja kinachokaa mfukoni, kinavyoweza kumpatia mwalimu wa shule ya msingi masomo ya wiki kadhaa. Tutaeleza pia kosa tulilolitenda sisi wenyewe katika kazi hiyo, kwa kuwa tunaamini kwamba kosa lililoelezwa wazi humfaa mwalimu kijana kuliko sifa nyingi.

Kwa nini kisu?

Sababu ya kwanza ni kwamba kisu kipo katika kila nyumba. Hapa Mikocheni, ambako jina lenyewe linatukumbusha mikoche iliyokuwa ikiota pwani hii kabla ya nyumba na maofisi, bado wako wazee wanaotunza visu walivyovitumia walipokuwa wakichana miyaa, wakipaa samaki au wakikata kamba za mitego. Visu hivyo hulala juu ya makabati na ndani ya mikoba, vimeshika kutu, mipini imelegea, na wajukuu hawajui vilitumika kwa kazi gani.

Sababu ya pili ni kwamba kisu kimoja kinakusanya maarifa mengi. Bapa lake ni somo la madini, mpini wake ni somo la miti, makali yake ni somo la pembe, na habari za mwenye kisu ni somo la historia. Mwalimu Nyerere, alipoeleza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomfanya mwanafunzi adhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Miaka mingi imepita tangu wakati huo, lakini onyo hilo halijapoteza maana yake.

Msomaji atauliza: je, ni busara kuleta kisu darasani? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu mwanzoni kabisa. Mwanafunzi haruhusiwi kamwe kubeba kisu njiani wala kukiweka mkobani. Ni mwalimu anayekwenda nyumbani kukipokea, au ni mzazi anayekileta kwa mwalimu. Kabla kisu hakijafika mbele ya wanafunzi, mwalimu hufunika makali kwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili na kuzungushiwa utepe imara. Kisu cha kukunja hufungwa, kisha huviringwa utepe ili kisifunguke. Mwanafunzi anashika mpini, hashiki makali. Mwalimu asiyeweza kutimiza masharti haya na aiache kazi hii, atafute nyingine.

Asili ya visu tunavyoviona

Kabla ya kuanza kukusanya, mwalimu yampasa ajue kidogo habari za vitu atakavyoviona, asije akaviita vyote kwa jina moja la "visu vya zamani".

Nchi yetu ina historia ndefu ya uhunzi. Utafiti wa mambo ya kale uliofanywa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, umeonyesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa huko takriban miaka 2000 iliyopita. Huko Ufipa wahunzi walijenga matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu kimo. Katika milima ya Upare, masimulizi ya Ugweno yanasema kwamba ukoo wa Washana, ambao ulikuwa ukoo wa wahunzi, ndio uliotawala kabla ya Wasuya. Chuma cha Upare kilinunuliwa na majirani, wakiwamo Wachaga, ambao wahunzi wao walikifua kuwa silaha na zana. Kwa hiyo mtoto asifundishwe kwamba chuma kilikuja na meli.

Hata hivyo, ni kweli kwamba visu vingi vya kukunja vinavyopatikana katika nyumba zetu vilitoka viwandani. Kimoja kilichoenea sana Afrika ni kile kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na nchi yetu wakati huo ilikuwa mojawapo ya makoloni hayo. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua rasmi mwaka 1901 tu. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, utengenezaji wake ulihamia Afrika ya Kusini. Kisu hicho kina mpini wa mti uliopambwa kwa njumu ndogo za chuma. Mwanafunzi anayekishika ameshika kipande cha historia ya ukoloni na biashara, na ni wajibu wa mwalimu kumfumbua macho aione.

Aina ya tatu ni visu vya wahunzi wa mitaani, ambao hadi leo hufua bapa kutokana na springi za magari makuukuu na kulitia mpini wa mti wowote mgumu uliopo. Visu hivi mara nyingi hudharauliwa kwa kuwa havina chapa. Sisi tunaviona kuwa vyenye mafunzo mengi, maana aliyevitengeneza yawezekana yupo mtaa wa pili, na wanafunzi wanaweza kwenda kumwona akifanya kazi.

Pamoja na hivyo, mwalimu anaweza kukuta kotama ya mgema, sime iliyomo katika ala ya ngozi, au jambia. Vitu vya namna hii viandikwe na kuchorwa, lakini visitengenezwe na wanafunzi. Kitu kinachoonekana kuwa cha kale sana kipelekwe kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa wakitazame. Tangu mwaka 1964 nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale, na mwalimu hana ruhusa ya kuigeuza mali ya kale kuwa zoezi la msasa.

Majina ya sehemu za kisu

Wanafunzi wajifunze majina haya kabla ya kazi, na wayaandike chini ya michoro yao:

(a) Bapa: sehemu yote pana ya chuma. Upande unaokata ni makali, upande wa pili ni mgongo, na mwisho wake ni ncha.
(b) Mkia: kipande chembamba cha chuma kinachoingia ndani ya mpini.
(c) Mpini: sehemu ya mti inayoshikwa kwa mkono.
(d) Noleo: pete ya chuma inayozunguka mpini pale bapa linapoingilia, ili mti usipasuke.
(e) Ala: mfuko wa ngozi au mti wa kuhifadhia kisu.
(f) Katika kisu cha kukunja: pini ambayo bapa huzungukia, na springi ya mgongo inayolizuia bapa lisijifunge lenyewe.

Tumeona mara kwa mara kwamba wanafunzi wa mjini hawalijui neno noleo, ilhali babu zao hulitumia. Hapo ndipo somo la Kiswahili linapozaliwa bila kulazimishwa.

Namna ya kukusanya

Kukusanya si kuchukua. Tunawasihi wakurufunzi walishike neno hili. Shule haifanyi duka wala haijitajirishi kwa mali za wazazi. Kinachokusanywa hasa ni habari, na kisu chenyewe kimeazimwa tu.

Mwalimu huanza kwa kupeleka barua fupi nyumbani, akieleza kusudi la somo, muda ambao kisu kitakaa shuleni, na ahadi ya kukirudisha. Kisha huandaa daftari la mkusanyo lenye safu zifuatazo: namba, tarehe ya kupokelewa, jina la mwenyewe, aina ya kisu, vipimo vyake kwa sentimita, aina ya mti, hali yake, alama zote zilizomo, kazi iliyofanywa, na tarehe ya kurudishwa. Mwenye kisu au mwakilishi wake hutia sahihi wakati wa kukitoa na wakati wa kukipokea.

Kila kisu hufungwa kadi ndogo ya namba. Namba isiandikwe juu ya mti wala kukwaruzwa juu ya chuma. Visu vyote huwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli katika ofisi ya mwalimu, si katika kabati la darasani.

Kosa tulilolitenda

Hapa sasa tunaleta habari tuliyoahidi. Mwaka 2018 tulikuwa na wakurufunzi katika shule moja ya msingi ya Mikocheni. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alituambia kwamba bibi yake anacho kisu cha kukunja cha zamani sana. Tulikwenda, tukamwamkia bibi, tukaeleza haja yetu, naye akatupa kisu chake kwa moyo mkunjufu. Kilikuwa kidogo, bapa limeshika kutu, mpini wa mti mwekundu umepauka na kuchubuka. Katika mgongo wa mpini palikuwa na chale tatu zisizolingana.

Katika safu ya alama tuliandika neno moja tu: "Mikwaruzo." Kisha tukaanza kazi. Wakurufunzi walipiga msasa kwa bidii, nasi tukawasifu. Baada ya siku tatu mpini ulikuwa laini kama kioo, unang'aa, hauna hata doa. Chale zile tatu zilikuwa zimetoweka. Tulikipeleka kisu kwa bibi tukiwa tumejawa na fahari.

Bibi alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole chake juu ya mgongo wa mpini mara mbili. Kisha akasema kwa upole, "Mmekipamba, walimu wangu, lakini mmekinyamazisha."

Chale zile hazikuwa mikwaruzo. Zilikuwa vipimo. Bibi alikuwa msukaji wa mikeka tangu utoto wake. Wasomaji wanajua kwamba mkeka hutengenezwa kwa kusuka kwanza ukili mrefu, kisha kuushona upande kwa upande, na kwamba upana wa ukili usipolingana tangu mwanzo hadi mwisho, mkeka hupinda. Kutoka ncha ya mpini hadi chale ya kwanza kilikuwa kipimo cha ukili wa mkeka wa kulalia. Hadi chale ya pili kilikuwa cha kikapu. Hadi chale ya tatu kilikuwa cha msala, nacho alikatiwa na mama yake mzazi. Mkono uliochana miyaa ndio uliokuwa ukipima, kwa kisu kile kile.

Tulimwomba radhi. Siku ya pili tulirudi pamoja na wakurufunzi wote na yule mwanafunzi, ambaye kwa aibu hakutaka kututazama usoni. Bibi alitoa mkeka wake mkuukuu na kikapu kilichochakaa, akalaza mpini juu ya ukili, na kwa mkono wake mwenyewe akakata chale mbili upya huku wanafunzi wakitazama. Lakini msala wa mama yake haukuwapo tena, na kipimo chake hakukikumbuka kwa hakika. Chale ya tatu haikurudi. Haitarudi.

Kwa muda wa muhula mzima baada ya hapo hakuna mzazi mwingine wa mtaa ule aliyetuazima kitu. Hatukuwalaumu. Tulikuwa tumefundisha somo la kung'arisha mti, na katika kufanya hivyo tulikuwa tumeharibu somo kubwa zaidi, na imani ya watu pamoja nalo.

Kutokana na kosa hilo tulijiwekea kanuni ambayo sasa tunaifundisha chuoni: Uliza kabla ya kupiga msasa. Kila alama ihesabiwe kuwa ina maana mpaka mwenye kisu mwenyewe aseme haina. Mwalimu aulize maswali manne: Kisu hiki kilikuwa cha nani kwanza? Kilifanya kazi gani? Alama hizi zilitokana na nini? Ni sehemu gani usiyotaka iguswe? Majibu yaandikwe katika daftari, na kisu kichorwe pande zote mbili kwa ukubwa wake halisi, kabla ya kifaa chochote kukigusa.

Hatua za kutengeneza

Baada ya kuuliza na kuchora, ndipo kazi ya mikono ianze. Lengo si kukifanya kisu kiwe kipya, bali kukizuia kisiendelee kuharibika na kukifanya kifae kwa kazi. Hatua ni hizi:

1. Kuondoa kutu. Chuma hushika kutu kikikutana na hewa pamoja na maji, na chumvi huongeza kasi ya kutu. Ndiyo maana visu vya pwani, vinavyopigwa na upepo wa bahari, huharibika upesi kuliko vya bara. Mwalimu hupaka bapa mafuta ya taa, mbali na moto wowote, na kuliacha kwa saa kadhaa ili kutu ilegee. Kisha husuguliwa kwa makumbi ya nazi na majivu laini, au kwa sufi ya chuma iliyo nyembamba. Kutu nyekundu inayotoka kama unga iondolewe yote. Lakini ile rangi ya kijivu inayokaribia weusi, iliyolala sawasawa juu ya chuma cha zamani, isiondolewe. Hiyo hulinda bapa, na ni dalili ya umri wake.

2. Kuepuka joto. Bapa lililofuliwa vizuri limepashwa moto, likazamishwa ghafla majini au katika mafuta, kisha likapashwa tena kidogo ili liwe gumu bila kuvunjika. Likisukumwa juu ya cherehe inayozunguka kwa kasi bila maji, hupata joto kali, na ugumu wake hupotea. Makali yakigeuka rangi ya samawati, joto limekwisha kufikia nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na kisu hicho hakitashika makali vizuri tena. Kwa sababu hiyo tunatumia kinoo na maji, wala hatutumii cherehe.

3. Kukaza mpini. Mpini uliolegea usitumbukizwe majini ili uvimbe, ingawa wengi hufanya hivyo. Mti ukilowa huvimba upande wa upana wake, ukikauka hunywea, na mwisho wake hupasuka. Tena maji hubaki ndani na kuutia mkia kutu. Inafaa kuusafisha mkia na tundu lake, kuvikausha, kisha kutia gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili na kuiacha usiku kucha. Noleo likiwa limelegea, lirudishwe mahali pake baada ya gundi kutiwa.

4. Kupiga msasa. Wanafunzi waambiwe kwamba msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani. Majani yake yana ukali, na mafundi wetu waliyatumia kulainisha mbao. Ukipatikana mti huo, majani yake yajaribiwe karibu na karatasi, na wanafunzi walinganishe matokeo. Tukitumia karatasi, tunaanza na namba 240, na pale tu mti ulipoharibika sana ndipo tunaposhuka hadi namba 120. Tunamaliza kwa namba 400. Msasa hufuata nyuzi za mti, haukatizi. Sehemu yenye alama zilizotajwa na mwenye kisu hufunikwa kwa utepe kabla ya kuanza.

5. Kujikinga na vumbi. Mpingo, mvule na mninga ni miti mizuri ya mipini, lakini vumbi lake huweza kuwasha ngozi na kusumbua pumzi. Kazi ifanyike nje, kila mmoja afunike pua na mdomo, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwanafunzi mwenye pumu apewe kazi ya kuandika daftari.

6. Kulisha mti. Mafuta ya nazi hupendeza siku ya kwanza, lakini hayakauki, na baada ya muda huvunda na kushika uchafu. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa utando mgumu. Yapakwe kidogo sana kwa kitambaa, yaachwe dakika 20, kisha yafutwe yote yaliyobaki juu, na mpini uachwe siku nzima au zaidi. Hapa pana hatari ambayo mwalimu asiisahau: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Viloweshwe maji na kuwekwa nje katika kopo la bati. Ambapo mafuta hayo hayapatikani, nta ya nyuki, ambayo nchi yetu huitoa kwa wingi katika misitu ya Tabora, inatosha kabisa. Hupakwa kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa kikavu mpaka mti upate joto la mkono.

7. Kumalizia chuma. Bapa lifutwe, likaushwe, na lipakwe mafuta membamba ya cherehani. Pini ya kisu cha kukunja ipewe tone moja, na bapa lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa na mwalimu mwenyewe.

Kazi ya kunoa tunaiweka nje ya mikono ya wanafunzi. Mwalimu anaweza kuonyesha mara moja, wanafunzi wakiwa wameketi umbali wa hatua tatu, kisha kisu kifunikwe tena.

Kuhusisha na masomo mengine

Tunapendekeza kazi hii igawanywe katika vipindi vya masomo mbalimbali, ili isionekane kuwa mchezo wa jioni.

Katika Hisabati, wanafunzi hupima urefu wa bapa na mpini, na kutafuta uwiano wake. Ili kupata pembe ya kunolea, huchukua karatasi yenye kona ya nyuzi 90, huikunja mara moja kupata nyuzi 45, na mara ya pili kupata nyuzi 22 na nusu. Pembe hiyo inakaribia sana ile ambayo mafundi hulazia kisu juu ya kinoo. Mtoto aliyeikunja kwa mikono yake haisahau.

Katika Sayansi, misumari minne hutumika: mmoja huwekwa pakavu, wa pili katika maji ya mvua, wa tatu katika maji ya bahari, na wa nne hupakwa nta kisha ukatiwa katika maji ya bahari. Wanafunzi huandika waonayo kila siku kwa wiki mbili. Vilevile vipande vya miti mbalimbali hutiwa katika beseni la maji. Watashangaa kuona mpingo ukizama, na hapo mwalimu ataeleza uzito wa mti na sababu ya mafundi kuupenda.

Katika Historia na Kiswahili, wanafunzi huandika maelezo ya kisu kimoja kama walivyosimuliwa na mwenyewe. Pale inapowezekana, darasa litembelee Kijiji cha Makumbusho, au mafundi wa vinyago wa Mwenge, ambako wataona jinsi fundi anavyouchagua mti kwa kuugonga na kuutazama kabla ya kuukata.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la sita. Muda: vipindi viwili, dakika 80.
Kusudi: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutaja sehemu tano za kisu, kuchora kisu kimoja, na kueleza maana ya angalau alama moja iliyomo.
Zana: visu vitano vilivyofunikwa makali, kadi, rula, penseli, daftari la mkusanyo.
Utangulizi (dakika 10): Mwalimu aonyesha kisu kimoja na kuuliza, "Mnadhani aliyekuwa na kisu hiki alifanya kazi gani? Mmejuaje?"
Maendeleo (dakika 50): Vikundi vitano vyachunguza, vyapima na kuchora. Mzee aliyealikwa aeleza habari za kisu chake. Wanafunzi wamwuliza maswali.
Hitimisho (dakika 15): Kila kikundi chasoma jambo moja lililoonekana kwa macho, na jingine ambalo lisingejulikana bila kuuliza.
Usafi na kuhesabu (dakika 5): Mwalimu ahesabu visu kwa sauti mbele ya darasa, na kuvifungia.

Mzee aliyealikwa apewe kiti mbele, aamkiwe na darasa zima, na asikatizwe kwa sababu kengele imelia. Heshima hiyo ni sehemu ya somo.

Hitimisho

Tumeandika habari za visu, lakini kusudi letu ni pana zaidi. Mwalimu kijana huingia katika kijiji au mtaa akiwa na hamu ya kurekebisha kila kitu. Hamu hiyo ni njema. Lakini kabla hajarekebisha, na ajue anachokirekebisha. Watoto nao hutujia wakiwa na alama za nyumbani kwao: namna ya kusema, ya kuhesabu, ya kushika kalamu. Nyingine ni makosa ya kweli, nazo yatupasa kuzisahihisha. Nyingine ni vipimo ambavyo hatujafundishwa kuvisoma. Anayepaswa kuulizwa yuko karibu, na mara nyingi yuko tayari kujibu.

Maswali ya kujadiliwa chuoni

1. Taja vitu vitatu, mbali na visu, vilivyomo katika nyumba za mahali ulipofanya mazoezi ya kufundisha, na ueleze masomo yanayoweza kutolewa kwa kila kimoja.
2. Mzazi amekataa kuiazima shule kitu chake. Utaendeleaje na somo bila kumvunjia heshima mzazi huyo wala mtoto wake?
3. Andika barua fupi kwa wazazi kuomba kuazimwa zana za jadi kwa wiki mbili. Hakikisha umetaja usalama, muda, na namna ya kuzirudisha.
4. Ni wakati gani mwalimu aache kitu cha zamani kama kilivyo, asikitengeneze kabisa? Toa sababu.